Mji Mzima Ukikosa Kazi kwa Pamoja

Mtu mmoja akifutwa kazi katika mji unaojiweza, mji humbeba. Shemeji yake ana mshahara, jirani ana duka, rafiki anajua mahali panapotafutwa mtu. Atateseka, lakini amezungukwa na watu wenye chochote mfukoni. Mji wote ukikosa kazi, shemeji naye amerudi nyumbani wiki ile ile, jirani hauzi, na rafiki anakupigia simu kukuuliza lile lile ulilotaka kumuuliza wewe. Ushauri mwingi tunaopewa kuhusu kukosa kazi unamfaa yule wa kwanza. Mimi nataka kuzungumza juu ya huu wa pili, kwa sababu niliuishi hapa Pwani ya Kenya kuanzia 2014, na kila nikisikia eneo jingine limeyumba, nasikia watu wake wakipewa maneno yale yale tuliyopewa sisi.

Nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya ufuoni, kaskazini mwa Mombasa. Mume wangu alikuwa dereva wa magari ya watalii. Mishahara miwili, lakini yote ilitoka kwenye ndege zile zile.

Stoo ndiyo hujua mapema. Mbele, mapokezi, watu bado wanatabasamu, lakini karatasi za oda zinapungua. Mayai kwanza, kwa sababu mayai ni kiamshakinywa, na kiamshakinywa ni idadi ya vichwa vilivyolala. Halafu mkate, halafu matunda. Aliyekuwa akituletea mapapai na maembe kutoka Kilifi akaambiwa alete nusu, kisha aje mara moja kwa wiki, kisha asubiri apigiwe simu. Wavuvi waliokuwa wakituuzia pweza na ngisi wakarudi kuwauzia mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki na kuuza, ambao wana bei yao, na bei hiyo si ya hoteli. Dobi, mwenye maua, mcheza sarakasi wa usiku, mchonga vinyago wa Changamwe, kijana wa ufuoni anayeuza safari za mashua, mama anayemuuzia chai kijana huyo: hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara ya hoteli, na wote walikuwa wakila kutoka kwayo.

Tuseme ukweli kuhusu chanzo cha watalii kutoweka, maana hapa watu hupenda kulaumu upande mmoja tu. Septemba 2013 watu 67 waliuawa na washambuliaji katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Miezi ya mwanzo ya 2014 Mombasa yenyewe haikuwa na utulivu, kulikuwa na mauaji na milipuko, na damu iliyomwagika ilikuwa ya wenyeji. Mei 2014 serikali ya Uingereza ikawashauri raia wake wasije, isipokuwa kwa safari ya lazima, kisiwani Mombasa na katika ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia hori ya Mtwapa hadi Tiwi. Wageni kwa mamia walikatiziwa likizo na kurudishwa kwao, na ndege za kukodi zilizokuwa zikiwaleta zikafutwa. Diani haikuwa ndani ya mstari ule, wala uwanja wa ndege wa Moi, lakini mtu aliye Manchester akishasikia Mombasa, Diani nayo ameifuta. Juni likaja shambulio la Mpeketoni, mji wa Kaunti ya Lamu, watu wapatao 60 wakauawa, na hapo hata wale waliokuwa wakisitasita wakaacha kusita. Mwaka 2011 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8. Mwaka 2015 walikuwa karibu milioni 1.2, na waliokuja walikuwa wakienda Maasai Mara na Nairobi kuliko kwetu.

Jambo moja ambalo mgeni wa Pwani hawezi kulijua: Mei haikututisha. Mei ni masika, hoteli huwa tupu kila mwaka, na mfanyakazi wa mkataba amezoea kurudishwa nyumbani Aprili na kuitwa tena Julai. Tumezoea kufunga mkanda miezi hiyo. Tunakopa kwa daftari dukani na mwenye duka anajua Julai atalipwa. Kwa hiyo watu walikaa kimya wakingoja Julai. Ilipofika Julai bila simu, ndipo mtaa wetu ulipoelewa, na kwa wakati huo kila mtu alikuwa tayari na deni la miezi mitatu.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jiajiri. Anza biashara ndogo. Usichague kazi. Watu wakaufuata, na nilishuhudia matokeo yake kwenye barabara moja ya mtaa wetu wa Mtwapa. Jioni, ambapo zamani palikuwa na meza mbili za viazi karai, zikawa meza nyingi hadi huwezi kupita na mkokoteni. Viazi karai, bajia, mihogo ya kukaanga, mahamri. Wapishi waliosomea kazi na kupika katika majiko ya hoteli kubwa wakasimama nyuma ya karai moja wakiwauzia majirani waliokuwa nyuma ya karai jingine. Bei ikashuka mpaka mafuta ya kupikia yakawa ghali kuliko kilichopikwa. Bodaboda nazo zikawa hivyo hivyo: waliopata malipo ya kuachishwa kazi walinunua pikipiki, wakaegesha kwenye kona moja wakingoja abiria ambao nao wameamua kutembea kwa miguu.

Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa upande wake. Tatizo ni kwamba noti ile ile ya shilingi mia ilikuwa ikizunguka mtaani, kwangu asubuhi, kwako mchana, kwa mwenye duka jioni, na kila siku ikipungua kwa kodi ya nyumba na nauli na unga, bila noti mpya kuingia. Hoteli ndizo zilizokuwa zikiingiza noti mpya. Zilipofungwa, na zilifungwa nyingi kuanzia Malindi hadi Diani, bidii yetu haikuweza kuzichapisha.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya neno tulilokuwa tukirushiwa, kwamba Wapwani ni wavivu. Nimelisikia kwenye matatu, nimelisikia kwa afisa aliyekuja kutufundisha ujasiriamali ukumbini, nimelisikia hata kwa ndugu zetu wa bara ambao walikuwa wamekosa kazi sawasawa na sisi. Nilifanya kazi na wasafishaji wa vyumba ambao Desemba walikuwa wakianza alfajiri na kutoka usiku, wakitandika vitanda hadi mgongo haukunjuki. Miezi saba baadaye watu hao hao, kwa mikono hiyo hiyo, wanaitwa wavivu kwa sababu wameketi barazani saa nne asubuhi. Baraza halikuwasababishia kukosa kazi. Uchumi wa eneo ukianguka, watu wa nje huugeuza kuwa tabia ya wenyeji, na kibaya zaidi, wenyeji wenyewe huanza kuamini. Nimemwona baba mtu mzima akimwambia mwanawe mbele yetu kwamba yeye ni mtu wa bure. Hakuwa mtu wa bure. Alikuwa mhudumu wa baa mwenye lugha nne katika mji ambao haukuwa na wageni wa kuzungumza nao.

Baada ya miezi kadhaa niliona waliosimama na walioendelea kuzama, nikaanza kujiuliza tofauti yao. Si bidii, nimeshasema. Wengi waliosimama walikuwa wameipata njia ya kufikia pesa inayotoka nje ya eneo letu. Mwenzangu wa jiko la mikate aliacha kuuza mitaani akaenda kuomba kupeleka mikate shule za bweni, kwa sababu chakula cha shule hulipwa kwa karo, na karo nyingi ilitoka kwa wazazi wasiotegemea hoteli. Mwingine alimfuata mjomba wake Mariakani. Desemba 2014 ujenzi wa reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi ulikuwa umeanza, na kote ilikopita, Mariakani, Maungu, Voi, kulikuwa na kambi za wajenzi waliohitaji kula na kufuliwa. Aliyekuwa mpishi wa vyakula vya baharini akawa anapika maharagwe na sima kwa sufuria kubwa, na kila mwisho wa mwezi alituma pesa nyumbani. Mume wangu aliingia kwenye malori. Bandari haikuwa imeanguka, mizigo ya Uganda na Rwanda ilikuwa bado inapita, na dereva mwenye leseni safi na tabia ya kutokunywa alitafutwa. Ilimaanisha kulala barabarani na kumwona mara chache, lakini mshahara ule haukujali kama kuna Mwingereza ufuoni au hakuna.

Na wengine walikwenda Ghuba. Wale wa hoteli walitafutwa Dubai na Doha, wakaenda na vyeti vyao, wengi wakafanikiwa. Wasichana wasio na vyeti walipelekwa Saudia kufanya kazi za ndani, na hapa siwezi kuandika kama vile ni njia tu miongoni mwa njia. Wapo waliojenga nyumba za wazazi wao. Wapo walionyang'anywa pasipoti, wakafungiwa, wakanyimwa mshahara. Shida ya mji ndiyo chakula cha wakala mwongo, kwa sababu anajua huulizi maswali mengi ukiwa na njaa. Anayefikiria safari hiyo leo, na ahakikishe wakala amesajiliwa na serikali, asome mkataba kabla ya kuweka sahihi, amwachie mtu nyumbani nakala ya kila karatasi. Dada yangu mdogo alitaka kwenda. Tulikaa naye usiku kucha, mamangu, shangazi na mimi, na hatukumkataza. Tulimuuliza tu jina la mwajiri na mji, akashindwa kututajia, na kwa kushindwa huko akaamua mwenyewe kubaki.

Chama chetu ndicho ningependa kukizungumzia kwa kirefu, kwa sababu kiliokoa nyumba nyingi na hakijaandikwa popote. Tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja, tukichanga kila wiki na kupokezana. Mji ulipoanguka, jambo la kwanza lililotokea kwenye vyama vingi ni kuvunjika: watatu wanashindwa kuchanga, wanaona haya, wanaacha kuja, waliobaki wanaogopa, wanagawana kilichopo na kuachana. Chetu kilikuwa karibu kufika hapo. Kilichokizuia ni wazee wawili miongoni mwetu walioyaona ya 1997, vita vya Likoni vilipofukuza wageni, na tena mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi. Mmoja wao alisimama akasema, "Wanangu, mchango si lazima uwe sawa. Lazima uwe ni kuja." Ndivyo alivyosema, na ndivyo tulivyoandika kwenye daftari: kila mtu achange alichonacho, asiye nacho aje mikono mitupu, lakini aje.

Kuanzia hapo chama kilibadilika. Badala ya kumpa mtu mmoja pesa zote kwa zamu, tuliacha zamu kabisa kwa muda. Pesa zilikwenda soko la Kongowea kununua unga, maharagwe na mafuta kwa jumla, tukagawana kwa idadi ya midomo, si kwa kiasi cha mchango. Hilo lilileta ugomvi, msidhani watu ni malaika. Mwenye watoto wawili aliyekuwa akichanga vizuri aliona vibaya akimtazama mwenye watoto sita akibeba zaidi. Tulijadili wiki nyingi. Mwishowe tulikubaliana kwamba anayebeba zaidi ndiye atakayekwenda sokoni na kubeba magunia, ndiye atakayekaa na mtoto wa mwenzake aliyepata kibarua, na hesabu ya kazi hiyo ikaandikwa pia kwenye daftari. Kuandika kuliondoa manung'uniko mengi. Tulitenga pia kidogo kwa ajili ya ugonjwa, kisiguswe kwa jambo lolote jingine, hata msiba. Msiba una watu wengi wa kuchangia. Homa ya mtoto saa sita za usiku haina mtu.

Pia tulikwenda kwa mwenye nyumba kwa pamoja. Nyumba zetu zilikuwa za Kiswahili, vyumba pande mbili na ukumbi katikati, na sote tulikuwa na deni la kodi. Mtu akienda peke yake huahidi asichoweza na mwezi ukifika anakuta kufuli mlangoni. Tulipokwenda wote tulimwambia ukweli: ukitutoa, hakuna mpangaji mwingine Mtwapa nzima mwenye kazi. Alilifahamu hilo kuliko sisi. Alikubali nusu ya kodi mpaka msimu wa watalii urudi, deni likiandikwa. Wapo wenye nyumba walioezua mabati badala ya kukubali, na nyumba zao zilikaa tupu zikiingia popo.

Mikopo ya simu nayo ilikuwa imeshafika. Unabonyeza, pesa inaingia, hakuna anayejua. Ile tuliyoitumia wengi ilitozwa asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja, na mtu huiona ndogo. Lakini asiye na kipato hukopa tena kulipa ule wa kwanza, na mwaka ukizunguka amelipa karibu kiasi kile kile alichokopa na bado anadaiwa. Ubaya wake mkubwa zaidi ni ile siri. Deni la dukani linajulikana na mwenye duka, na yeye anakujua, atakuambia basi sasa, punguza. Simu haikwambii lolote.

Sheria ni sehemu ambayo wengi walipoteza haki zao kwa kutojua tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akipunguza watu kwa sababu ya hali ya biashara, atoe notisi ya mwezi mmoja, amjulishe afisa wa kazi, na amlipe kila mmoja si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya. Pale kwetu wengi waliambiwa waende likizo bila malipo, wakaenda, wakangoja, na walipokuja kuuliza waliambiwa mkataba wao ulikwisha zamani. Likizo bila malipo ni makubaliano ya pande mbili, halazimishwi mtu. Dai la namna hiyo lina miaka mitatu tu, likipita hapo limekufa. Na hata kama huna dai, omba cheti cha utumishi, ni haki yako kwa mujibu wa kifungu cha 51. Mwenzangu wa mikate alipata zile shule kwa kukionyesha.

Nyumbani, wanaume waliumia kwa namna ambayo hatukuwa na maneno yake. Mwanamke asiye na kazi bado ana mahali pa kusimama jikoni, hata kama jiko halina kitu. Mwanamume aliyezoea kutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchukua wageni aliendelea kutoka saa hiyo hiyo, bila pa kwenda, ili watoto wasimwone amelala. Wengine walianza kunywa mnazi mapema. Vijana kadhaa wa mtaa wetu waliingia kwenye unga, yaani dawa za kulevya, na hawajatoka. Kwetu, kabla ya yale malori, kilichosaidia ni kukaa na watoto na kuwaambia hali ilivyo, mshahara umekwisha, nyama imekwisha, shule haijakwisha. Binti yangu wa darasa la sita aliuliza swali moja tu, kama tutahama. Tulipomwambia hatuhami alirudi kwenye vitabu vyake.

Juni 2015 Uingereza ililegeza onyo lake kwa sehemu kubwa ya Pwani, na watu walishangilia kana kwamba ndege zimetua siku hiyo. Hazikutua. Hoteli iliyofungwa mwaka mzima ina mabomba yaliyooza, ina wapishi walioondoka, ina kampuni za wageni ambazo tayari zimehamia kwingine. Walioiinua Pwani polepole walikuwa Wakenya wenzetu, familia za Nairobi na Nakuru zilizokuja Desemba na Pasaka, na baada ya treni ya abiria kuanza mwaka 2017 wakaja hata wikendi. Nilirudi stoo, kwingine, na oda za mayai zikaanza kupanda.

Kisha Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimamishwa, na Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, haingii mtu wala hatoki, Kilifi na Kwale mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai. Safari hii pesa ya nje nayo ilikatika, kwa sababu nje nako kulikuwa kumefungwa. Aliye Dubai alirudishwa. Shule zilizonunua mikate zilifungwa. Mwenye shamba Kaloleni au Ganze alikwenda shambani, na chama chetu kilifungua daftari la zamani ukurasa wa kanuni za 2014. Vijana wengine walipata Kazi Mtaani, wakizibua mitaro na kufyeka vichaka kwa malipo ya siku kutoka serikalini. Watu waliidharau kazi ile. Mimi niliiona ikiingiza noti mpya mtaani wakati ambapo hapakuwa na mlango mwingine wowote, na wenye maduka ya mtaa wetu watakwambia vivyo hivyo.

Ndiyo maana siwezi kuishia kwenye chama na ujasiri wa akina mama. Sisi tulifanya letu. Kenya haina bima ya mtu kukosa kazi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakungoja uzeeke. Lakini hoteli na mikahawa hulipa tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mapato yao, na tozo hiyo ina mfuko wake tayari, kwa sheria. Katika mwaka mzuri hukusanywa kutokana na jasho la watu wale wale watakaorudishwa nyumbani mwaka mbaya. Naomba sehemu yake iwekwe kwa ajili yao, wa mkataba na wa kudumu, kwa majina yao, na ilipwe kuanzia mwezi wa pili tangu hoteli ifunge milango. Mwezi wa kwanza watu wengi hujisukuma wenyewe. Mwezi wa tatu ndio watoto huanza kurudishwa nyumbani kwa karo.